Asante ya Delmira Ludueña

Kwa miaka kumi na mmoja Delmira Ludueña hakusema asante mbele ya birika langu hata mara moja. Mimi ni shahidi, maana birika lilikuwa mkononi mwangu.

Kwetu Córdoba, kibuyu kinapozunguka, mtu hanyamazi kwa kukosa adabu. Ananyamaza kwa sababu bado anataka. Unakunywa, unanirudishia, namjazia mwenzako, zamu inakurudia. Siku ukinirudishia kibuyu ukasema asante, umeaga: umetosheka, usihesabiwe tena. Kinywaji chenyewe kinaitwa mate, na kwa kuwa sote tunanyonya mrija mmoja, jina halikukosea.

Daktari Olmedo, daktari wa hesabu za nyota na siyo wa wagonjwa, mkuu wa ghorofa ya pili tulikofanya kazi, alikaa Ujerumani miaka tisa akarudi na asante mdomoni kama mtu aliyerudi na kikohozi. Nikimpa kibuyu cha kwanza tu: "Asante, Ercilia." Basi mimi namruka. Zamu ya pili inampita, ya tatu inampita, anaanza kunyoosha shingo.

"Ercilia, mimi je?"

"Umeshukuru, Daktari."

Watu wanacheka, naye anacheka, kesho anarudia yale yale. Kichwa kilichojaa hesabu za mbinguni kikashindwa na neno moja la jikoni.

Nayasema haya kwa sababu Delmira aliondoka pale kwa neno hilo moja, na watu wa ghorofa ya pili mpaka leo wanasema aliondoka bila sababu. Sababu ilikuwapo. Ilikuwa jina lake.

Alizaliwa Cruz del Eje, baba yake fundi wa karakana ya reli. Karakana ilipofungwa, baba akawa anakaa mlangoni ameweka viganja wazi juu ya magoti, kama mtu anayengoja apewe kitu cha kushika. Delmira alisema viganja vile ndivyo vilivyomfukuza nyumbani. Akaja mjini akiwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kupiga chapa. Kwanza alipiga chapa barua. Halafu wataalamu wakawa wanaandika hesabu zao kwa mkono na yeye anaziingiza kwenye mashine ya hesabu. Siku moja akamwambia mmoja wao, "Bwana, mstari wa arobaini umeandika kutoa. Nadhani ulitaka kujumlisha." Yule bwana akacheka, akaenda kuangalia, akarudi hacheki.

Tangu hapo hesabu yoyote iliyogoma ilipelekwa kwa Delmira, kama mtoto mwenye homa anavyopelekwa kwa bibi yake. Miaka ikapita, nusu ya programu yao ya hesabu ikawa imeandikwa na mkono wake. Kibao cha mlangoni pake hakikubadilika: Msaidizi.

Mimi nilikuwa napiga deki ghorofa hiyo na kuchemsha maji yao. Delmira alipanga chumba changu cha nyuma, mtaa wa San Vicente, kwa sababu mume wangu alikuwa ameondoka na mwanamke wa duka la dawa la kona, akaniachia paa linalovuja, mlimau mmoja uani na mashine ya kukamulia nguo. Alikuwa mpangaji mzuri, ila hakuwa na matako ya kukalia. Alikula amesimama. Akifikiri, anauzunguka mlimau mpaka nyasi zikafa, pakawa na njia ya duara kama ya punda wa kinu. Jirani yangu aliwahi kuniuliza juu ya ukuta, "Ercilia, huyo mtu wako amepoteza nini?" Nikamjibu, "Bado hajajua."

Hiyo mashine ya kukamulia ndiyo iliyonifundisha kazi ya ghorofa ya pili. Ni pipa dogo la bati. Ukipanga nguo vizuri, inazunguka mahali pake. Ukitupia shuka zito upande mmoja, inaanza kutembea. Siku hiyo ilitembea kutoka bafuni mpaka mlango wa uani, ikavuta waya wake ukachomoka, ikafa kizingitini. Delmira alikuwa amesimama anakula chungwa. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Shoga, umeona? Hiyo ndiyo kazi yetu."

"Kufua?"

"Teke. Sikiliza. Yako mashimo meusi mawili huko mbali, kila moja zito kuliko majua mengi, na kila moja linajizungusha kama pia. Halafu yanazungukana. Yakizungukana yanaitikisa mbingu yenyewe, na mtikisiko unaondoka kama mawimbi bwawani ukitupa jiwe. Mawimbi ya mvutano. Yanazidi kukaribiana, yanazidi kukimbia, mpaka yanamezana yanakuwa moja. Sasa, kama mawimbi yameondoka sawasawa pande zote, lile moja linatulia. Lakini kama upande mmoja umepata mengi kuliko mwingine..."

"Shuka zito."

"Shuka zito. Linarushwa upande wa pili. Linaweza kutoka katika mji wake wa nyota lisirudi tena."

"Na nani kalipiga hilo teke?"

"Hakuna mtu. Mawimbi yameondoka huku, lenyewe limeondoka kule."

Nilimfikiria mume wangu na yule wa duka la dawa, walivyozungukana kwenye kaunta mwaka mzima mpaka wakamezana. Ila kwao wao walioungana ndio waliobaki mtaani, na aliyerushwa ni mimi niliyekuwa pembeni. Mbinguni kuna haki zaidi. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Chomeka waya, nguo zinangoja."

Mwaka ninaousema, watu wote wa kazi ile walikuwa wanatafuta teke kubwa kuliko yote. Daktari Olmedo alitaka nchi yetu ilipate kwanza. Akampa Delmira mpangilio: mashimo mawili yenye uzito sawa, pia zao zimelala ubavu, moja inaelekea huku na nyingine kinyume chake. Mashine ikapiga hesabu siku kumi na moja mchana na usiku. Jibu likatoka mwanzo wa Januari, watu wote wanafunga mizigo ya likizo: kilomita arobaini kwa sekunde. Kwangu mimi huo ni mwendo. Kwa shimo jeusi ni kujikuna tu.

"Hakuna kitu hapa," Olmedo alisema. Tayari alikuwa amevaa kandambili. "Zima mashine, Bi Delmira, nenda upumzike. Tutaonana Februari." Akaenda baharini na familia yake.

Delmira hakuzima wala hakupumzika. Siku tatu aliuzunguka mlimau. Jumapili akanikokota mpaka kwenye uwanja wa mtaa, kwenye bembea ya farasi wa mbao. Ile bembea inazunguka, na mwenye nayo anasimama pembeni ameshika kipande cha mbao chenye pete, anakichezesha juu chini. Mtoto akipita akainyakua pete, anapanda tena bure. Tulisimama pale saa nzima juani, wanawake wazima wawili, mpaka mwenye bembea akatuuliza mtoto wetu ni yupi.

"Mwangalie yule wa farasi mweupe," Delmira aliniambia. "Amenyoosha mkono vizuri, lakini kafika pete imekwenda juu. Kakosa. Huyu wa farasi mweusi kafika nyuma yake kidogo, kapata. Mkono ule ule, mwendo ule ule."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sisi tumefika pete ikiwa juu. Yale mashimo yanapozungukana, yote mawili yanapanda na kushuka pamoja. Teke linategemea yamemezana yakiwa wapi. Olmedo kayakuta mahali pabaya, akasema hakuna kitu. Nikizigeuza pia zao robo mzunguko tangu mwanzo, yatamezana mahali pengine."

"Olmedo kasema uzime."

"Olmedo yuko baharini."

Ufunguo wa jengo wakati wa likizo nilikuwa nao mimi. Hakuniomba. Alisimama tu akinitazama huku kiatu chake kinapigapiga ardhi. Nikautoa mfukoni.

Siku zile kumi na moja sitaki tena. Jengo lilikuwa tupu, nje joto digrii thelathini na tisa, na chumba cha mashine kinavuma kama mzinga. Siku ya nne kiyoyozi kikakohoa mara mbili kikafa. Mashine zile zikipata joto zinajizima zenyewe, na kila kitu kinaanza upya. Fundi alisema atakuja Februari. Basi mimi na Delmira tukawa tunanunua barafu kwa muuza samaki, tunaipandisha ngazi kwenye beseni zangu za deki, tunaiweka mbele ya feni mbili. Barafu inayeyuka, namwaga, tunaenda kuchukua nyingine. Chumba cha sayansi kilinuka dagaa. Delmira hakukaa hata kidogo. Anasoma kipimajoto, anakwenda dirishani, anarudi, anasoma kipimajoto.

"Kaa chini, mwanamke, unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa itazima."

"Itajuaje kwamba umekaa?"

"Usinijaribu, Ercilia."

Taa zilififia mara moja, siku ya tisa, jioni mapema. Tulishikana mikono bila kujua. Zikarudi. Mvumo wa mashine haukuwa umekatika.

Siku ya kumi na mbili asubuhi namba ikatoka. Delmira aliiangalia, akaondoka, akauzunguka ukumbi mzima, akarudi akaiangalia tena.

"Elfu mbili mia sita."

"Kilomita?"

"Kwa sekunde. Na siyo pembeni, Ercilia. Juu. Limeruka juu kama kizibo."

"Hiyo ni mbali gani?"

"Kutoka hapa mpaka Ushuaia, mwisho wa nchi kusini, ukienda kama ndege aendavyo. Sema Ushuaia."

"Ushuaia."

"Umefika."

Olmedo alirudi Februari na ngozi ya kukaangwa. Alisoma zile karatasi amesimama, na kadiri alivyosoma ndivyo shingo yake ilivyozidi kuwa nyekundu.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Daktari."

"Hii ni takataka. Umebeba takataka za mwanzo ukaziita teke."

Hilo ni neno la kazi yao, siyo tusi, ingawa alilitamka kama tusi. Hesabu ikianza, mashimo yanawekwa pale ghafla, kama mtu aliyesukumwa jukwaani, na mashine inatema wimbi la uongo. Hilo wanaliita takataka. Lazima likatwe ndipo usome wimbi la kweli. Ukikata kidogo, uongo unabaki. Ukikata sana, unatupa na ukweli.

"Nimezikata," Delmira alisema.

"Umekata wapi?"

"Panapostahili."

Olmedo akazifungia zile karatasi kwenye droo ya meza. Wiki mbili baadaye habari zikaja kwamba watu wa nchi nyingine wamepata teke la ukubwa huo huo, la kwenda juu vile vile. Nilikuwa napiga deki koridoni. Olmedo alipita akikimbia juu ya maji yangu, akateleza, akajishika ukutani, akaendelea kukimbia. Droo ikafunguliwa. Siku nane hakuna aliyelala vizuri ghorofa ile, na makala ikaandikwa. Usiku mmoja Delmira aliniambia, akiwa anavua viatu na kuvivaa tena, "Shoga, jina langu litakuwamo. Baba alikuwa anachonga jina lake chini ya kila chombo alichotengeneza, mahali ambapo hakuna anayeona. Mimi nataka juu."

Siku ya kuipeleka kwenye jarida walikusanyika kwa mate. Brizuela, mwanafunzi kipenzi wa Daktari, kijana wa manukato, ndiye aliyesoma. Juu kabisa: Olmedo na Brizuela. Kisha kurasa zote. Kisha mwisho, kwa herufi ndogo: "Twamshukuru Bibi D. Ludueña kwa msaada wake wa kiufundi."

Wakapiga makofi. "Haya, Bi Delmira!" Brizuela alisema. "Umeingia kwenye historia!"

"Kwa mlango wa uani," nilisema mimi. Hakuna aliyenisikia, au walijifanya hawasikii.

Delmira aliuliza taratibu, "Kule juu hakukuwa na nafasi?"

"Juu ni kwa waliotoa mawazo," Olmedo alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Ni utaratibu tu."

"Na ile robo mzunguko ni nini?"

"Ile ni kupanga mashine. Ni ufundi."

"Ufundi."

"Lakini unashukuriwa, Bi Delmira! Unajua ni wangapi wanaoshukuriwa katika jarida kama lile?"

Ilikuwa zamu yake. Nikampa kibuyu. Alikunywa mpaka mrija ukakoroma, akaufuta mdomo wa mrija kwa kidole gumba, akaninyooshea kibuyu. Hakunitazama mimi. Alimtazama Olmedo.

"Asante."

Birika nusura linidondoke. Wazee wawili wa chumba cha hesabu waliinua vichwa pamoja. Brizuela bado alikuwa anacheka kwa kitu kingine. Na Daktari Olmedo, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, akamjibu, "Karibu."

Delmira akachukua daftari lake la jalada la kijani, miwani na fulana ya baridi iliyoning'inia nyuma ya mlango tangu mwaka juzi. Akashuka ngazi. Kule walingoja arudi mpaka saa ya chakula.

Mimi nilibaki pale mwezi mmoja zaidi. Mwisho wa Machi nikamkuta mwanamke mwingine ameshika dekio langu, amevaa sare ya kampuni. Nikaambiwa kazi yangu imekwisha, na mimi mwenyewe ndiye niliyetaka. Karatasi ilikuwapo, na nakala nikapewa. Desemba Olmedo alinipa niitie sahihi. "Ya likizo, Ercilia, hapa chini," na mimi shule niliiacha darasa la pili, nikachora jina langu nikaenda kuchemsha maji.

Basi tukawa wawili nyumbani, mchana kutwa. Delmira akanifundisha kusoma ili apate la kufanya. Alinifundisha akitembea. Mimi nakaa chini ya mlimau, yeye anazunguka, kila akipita ananionyesha herufi. Tulianza na majina. Jina langu halikunisumbua. Lake lilinitatiza.

"Hii n ina kitu juu."

"Ndiyo n yetu. N iliyobeba kiwimbi kichwani. Bila kiwimbi siyo mimi, ni mtu mwingine."

Kitu cha kwanza nilichokisoma peke yangu, mstari mzima, ni ile karatasi ya Desemba. *Kwa hiari yangu mwenyewe.* Nilikisoma mara tatu, nikidhani nimekosea.

Aprili, Jumapili baada ya ibada, mtu akapiga makofi langoni, ndiyo hodi yetu. Daktari Olmedo, na kifurushi cha maandazi ya krimu kilichofungwa utepe. Nilimfungulia. Mjinga mimi. Nilifikiri labda amekuja na lile la kwangu pia.

"Bi Delmira," alisema, "tuna tatizo dogo."

"Mna tatizo," Delmira alisema. Hakusimama, aliendelea kuuzunguka mlimau, ikabidi Daktari ageukegeuke kumfuata.

Wahakiki wa jarida walikuwa wamerudisha makala. Walitaka pembe nyingine nne, waone teke linavyopanda na kushuka. Brizuela alikuwa amejaribu, na namba zimetoka ovyo, moja huku moja kule.

"Kakata takataka wapi?" Delmira aliuliza.

"Hilo ndilo hatulijui. Wewe ulikata wapi?"

"Mimi ni nani?"

Olmedo akajikuna shingo. "Jina lako tutaliweka juu."

"Lini?"

"Nimekuja nalo."

Akatoa makala mfukoni. Majina yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti sasa: Brizuela, Ludueña, Olmedo. Mkuu amejishusha akawa wa tatu, na uso wake ulionyesha kwamba amejihesabia thawabu. Delmira aliisoma yote, mizunguko sita au saba. Alipofika ukurasa wa mwisho akaanza kucheka.

"Daktari, huku chini bado mnanishukuru."

"Wapi?"

"'Twamshukuru Bibi D. Ludueña.' Sasa na mimi nimo ndani ya hiyo 'twa'. Najishukuru mwenyewe kwa kujisaidia mwenyewe."

"Brizuela huyo! Kasahau kufuta."

"Ercilia, kalamu."

Akaukata ule mstari wa shukrani, mkato mmoja, kisha akaukata tena. Halafu akachana ukurasa kutoka daftari la kijani, akampa. Pale alikuwa ameandika mahali pa kukata takataka, na kila pembe na teke lake. Olmedo alisoma akiwa amefumbua mdomo.

"Hizi namba umezipata wapi, bila mashine?"

"Hapa uani. Zinapanda na kushuka kama bembea. Ukishajua mbili, nyingine zinakuja zenyewe. Pigeni hesabu kwa mashine, mtaona."

"Bi Delmira." Alikuwa amelainika kweli, sitamdhulumu. "Njoo Jumatatu. Chumba chako kipo. Hata kile kibao cha mlangoni nitakitoa kwa mkono wangu. Kuna kazi ya miaka kumi hapa."

Hapo Delmira akasimama. Sikuwa nimewahi kuiona miguu yake imetulia namna ile, miguu yote miwili. Niliona anataka. Alitaka kile chumba na ule mvumo wa mashine kuliko alivyowahi kutaka mume. Jina alikuwa amelipata, ila sasa alijua limekuja kwa sababu gani: Brizuela ameshindwa. Kama Brizuela angeweza, yeye wangemwachia mstari wa chini.

Nilikuwa nimeshajaza kibuyu. Nikampa. Alikunywa polepole, mpaka mrija ukakoroma. Akaufuta.

"Asante," akasema.

Olmedo alifungua mdomo. Nikaiona ile 'karibu' yake imefika kwenye meno. Akaufunga. Ilimchukua miaka kumi na mmoja na maandazi kadhaa, lakini safari hii alielewa.

"Umeshatosheka," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeshatosheka, Daktari."

Akanigeukia mimi. Nilingoja. Miaka yangu kumi na sita ya kupiga deki ilikuwa ndani ya nyumba, katika droo, kwenye ile karatasi yenye sahihi yangu chini yake, na sasa nilijua kuisoma. Nikamjazia kibuyu, nikampa kwa mikono miwili.

"Asante, Ercilia," alisema, hata hajaonja.

Nikakichukua mkononi mwake kikiwa kimejaa.

"Umeshukuru, Daktari."

Akaondoka. Maandazi yake tuliyala. Na maandazi hatukuwa na ugomvi.

Mei Delmira akapanda basi. Sikumzuia, maana njia yake kuzunguka mlimau ilikuwa imefika kwenye mizizi. Barua ya kwanza ilitoka Tucumán, anawanyooshea hesabu watu wa huko. Ya pili San Juan. Ya tatu Bariloche, ameandika kwamba kuna theluji na kwamba kuna mtu ana mashine kubwa lakini hajui kuiuliza swali. Kila barua ina anwani mpya, na kila nikimjibu naona jibu langu linamkuta ameshahama. Chumba chake sijakipangisha. Watu wamekuja kukiuliza, nawaambia paa linavuja.

Jarida lilikuja Agosti, katika bahasha isiyo na neno la salamu. Nilikaa nalo mezani, nikatafuta ule ukurasa, nikafuata kwa kidole: Brizuela. Halafu *Luduena*. Olmedo.

Nilidhani ni macho yangu. Nikavaa miwani. *Luduena*, n tupu, upara. Sijui kama ni Brizuela aliyeipiga chapa vile, au ni wale wa ng'ambo wasio na herufi hiyo. Limepita kwa wahakiki, kwa Daktari, kwa dunia nzima ya watu wenye shule, na hakuna aliyeona kwamba kiwimbi kimeondoka.

Kalamu ya Delmira ilikuwa bado dirishani. Nikaichukua nikakirudisha mahali pake, juu ya n. Mkono wangu bado mgeni kwa kalamu, kwa hiyo kimetoka kikubwa, kimegusa mpaka mstari wa juu. Nimekiacha hivyo hivyo.